Utando wa Kawangware

Ukilitazama duka la kujaza maji la Kawangware ukiwa barabarani, utaona vigae vyeupe, mabomba mawili yanayong'aa, mitungi ya lita 20 iliyopangwa sakafuni na bei iliyoandikwa ukutani kwa rangi ya buluu. Maduka ya namna hii yamejaa Kangemi, Uthiru na Dagoretti, na hata Lavington mtungi uo huo hupelekwa mlangoni kwa pikipiki. Mteja hukabidhi mtungi, hulipa kwa simu, huenda zake. Mimi huomba ruhusa niingie nyuma.

Nyuma ya pazia la plastiki kuna chumba chembamba chenye mvumo wa pampu. Tangi jeusi, mapipa mawili marefu ya mchanga na mkaa, vikombe vya plastiki vyenye vichujio vya uzi, geji mbili, na mwisho kabisa neli nyeupe iliyolazwa kwenye fremu ya chuma, unene wake inchi nne, urefu wake mita moja na kidogo. Kazi yenyewe inafanyika ndani ya neli hiyo. Vingine vyote ni walinzi wake.

Inashangaza kwamba maduka haya yako upande huu wa jiji. Magharibi ndiko maji ya Nairobi yalikotoka zamani: chemchemi za Kikuyu ziliunywesha mji mchanga wa reli mwanzoni mwa karne iliyopita. Mji ulivyokua, ukayafuata maji mbali zaidi. Likaja bwawa la Ruiru, likaja Sasumua kule Kinangop, na mwaka 1994 likakamilika lile la Ndakaini, Murang'a. Bado hayatoshi. Mitaa mingi hupata maji ya bomba kwa zamu, na pengo huzibwa na visima virefu vilivyochimbwa na wenye maghorofa ya Kileleshwa na Kilimani, na shule, na hospitali, na wafanyabiashara wa maji. Mashine ya kuchimba hupita mita mia mbili na zaidi za miamba ya volkano iliyomwagika enzi Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka.

Miamba hiyo hutoa maji maangavu ambayo kwa macho hayana kasoro. Kasoro yake ni floraidi. Kidogo chake hulinda meno. Kikizidi huyatia madoa ya kahawia, na kikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa. Kiwango kinachokubaliwa nchini ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nairobi hukivuka. Watu wa Nakuru na Naivasha hawahitaji kuelezwa. Wanayajua hayo kwenye tabasamu zao. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki palepale. Klorini haiigusi. Mchanga hauishiki. Huko Nakuru, Dayosisi ya Kikatoliki iliamua kuinasa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mbinu nzuri ambayo ningeiandikia ukurasa wake. Nairobi imechagua utando, ule ulio ndani ya neli nyeupe.

Niliuona kwa ndani siku fundi mmoja alipokuwa akiubadilisha uliochoka. Kwa kuwa ulikuwa wa kutupwa, alikubali kuupasua. Ganda la nje ni la nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, gumu kiasi cha kuhitaji msumeno. Ndani yake kila kitu kimeviringishwa kama mkeka kuzunguka bomba jembamba lenye matundu. Alipoanza kufungua, zilitoka bahasha ndefu. Kila bahasha ni karatasi mbili za utando zilizogundishwa pande tatu, na upande wa nne unafungukia kwenye bomba la katikati. Ndani ya bahasha mna kitambaa cha kupitishia maji yaliyokwisha kusafishwa. Kati ya bahasha na bahasha kuna wavu wa plastiki, nao ndio njia ya maji ghafi. Maji husukumwa kutoka ncha moja ya neli hadi nyingine yakipita juu ya utando. Sehemu yake hupenya, huingia ndani ya bahasha, hutembea kwa mzunguko hadi kwenye bomba la katikati. Yaliyosalia, pamoja na chumvi yote iliyokataliwa, hutokea ncha ya pili. Ukizitandua bahasha zote unapata zaidi ya mita saba za mraba, karibu zifunike sakafu ya chumba cha futi kumi kwa kumi. Yote hayo kwenye neli ambayo mtu hubeba kwapani.

Fundi alipitisha kidole kwenye wavu, kwanza upande wa kuingilia. Palikuwa na ute wa kahawia. "Hawa ni wadudu," akasema, akimaanisha bakteria. Akaenda upande wa kutokea, akasugua, akanipa nisugue. Palikwaruza. "Hii sasa ni mawe." Kwa kidole kimoja alikuwa amesoma historia ya mashine nzima: tangi halikuoshwa, na mtu alikuwa amebana maji kupita kiasi.

Karatasi yenyewe ukiishika ni nyeupe isiyo na mvuto, laini upande mmoja, yenye nyuzi upande wa pili. Ina matabaka matatu. La chini ni kitambaa cha poliesta, unene wake takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Juu yake kuna polisalfoni, karibu nusu ya unene huo, yenye vitundu vingi vinavyozidi kuwa vidogo kadiri unavyokaribia juu. Na juu kabisa kuna ngozi ya poliamaidi ambayo unene wake ni kama nanomita 100 hadi 200. Matabaka mawili ya chini kwa pamoja yanaishinda ngozi hiyo kwa unene takriban mara elfu moja. Lakini yenyewe ndiyo inayozuia chumvi. Kitambaa na polisalfoni kazi yao ni kuibeba isipasuke chini ya presha.

Namna ngozi hiyo inavyozaliwa ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii. Kiwandani, polisalfoni hulowanishwa kwa maji yenye kemikali ya jamii ya amini, kisha hupitishwa kwenye kimiminika cha jamii ya mafuta kilichoyeyushiwa kemikali ya pili, aina ya kloraidi ya asidi. Mafuta na maji havichanganyiki. Kemikali hizo mbili hukutana mpakani tu, na zikikutana hushikana papo hapo, ndani ya sekunde. Ngozi ikishajitandaza, yenyewe inakuwa ukuta kati ya wazazi wake, nao hawaonani tena, na kukua kunakoma. Palipobaki upenyo, wazazi hukutana tena hapohapo na kupaziba. Hakuna mashine inayoweza kukata au kumimina kitu chembamba hivyo kwa kilomita nzima bila kukosea. Waliofaulu ni wale walioacha kuikata, wakaiwekea mazingira ijitengeneze na ijue pa kuishia.

Haikuanza hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walitengeneza utando wa selulosi asetati ambao kwa mara ya kwanza ulipitisha maji ya kutosha kuwa na faida. Siri yake ilikuwa uso mmoja mwembamba ulioshikamana, chini yake mwili wenye vitundu; ukiugeuza, haufanyi kazi. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, California, ukaanza kunywa maji ya mtambo wa namna hiyo. Kisha, katika miaka ya 1970, John Cadotte wa Minnesota akatenganisha kazi mbili: mwili utengenezwe kwa kitu kimoja, ngozi kwa kingine, kila kimoja kwa ubora wake. Hataza yake ilitoka mwaka 1981. Utando uliopasuliwa mbele yangu Kawangware ni wa ukoo huo huo wa Cadotte, bila mabadiliko ya kutisha.

Chini ya darubini ya elektroni ngozi hiyo si bapa. Ina matuta na mabonde yaliyokunjamana. Wala haina matundu kwa maana ya kawaida; ina nafasi tu kati ya minyororo ya polima, chini ya nanomita moja, ambazo molekuli ya maji hujipenyeza. Ioni ya chumvi hutembea ikiwa imevikwa maji, kwa hiyo ni nene kuliko inavyoonekana kwenye vitabu, tena ina chaji, na utando nao una chaji yake. Floraidi ni ndogo lakini huyashika maji yake kwa nguvu, kwa hiyo huachwa nje. Lakini maji yakiwa na asidi kali, floraidi hujishikiza kwenye haidrojeni, hupoteza chaji, na hupita kama mgeni asiyeulizwa jina. Bahati yetu ni kwamba maji ya visima vya Nairobi huelekea upande wa magadi, si wa asidi.

Nilidhani jambo la msingi namna hii lilikwisha kuamuliwa. Tangu 1965 vitabu vimefundisha kwamba maji huyeyuka ndani ya polima, kisha husambaa molekuli moja moja hadi ng'ambo. Mwaka 2023 kundi la Menachem Elimelech wa Chuo Kikuu cha Yale likachapisha hoja kwamba sivyo: maji hutiririka kwa vikundi kupitia vijinjia, yakisukumwa na presha. Ubishi unaendelea. Mitambo mikubwa ya Ghuba inanywesha mamilioni, mama wa Kawangware anajaza mitungi, na wenye elimu bado hawajakubaliana maji yanapitaje.

Utando huu una ndugu yake ambaye Kawangware hajafika, ingawa jina lake lilikuwa hewani jijini Septemba 2023, viongozi walipokusanyika KICC kwa mkutano wa tabianchi wa Afrika na Kenya ikazungumzia haidrojeni ya kijani. Ni utando wa seli za fueli. Upande mmoja wa seli huingia haidrojeni, upande wa pili oksijeni. Katikati kuna karatasi ya polima inayoruhusu protoni ya haidrojeni ipite na kuinyima njia elektroni, ili elektroni ilazimike kuzunguka kwenye waya na kutoa umeme. Mwisho wa safari ni maji. Vyombo vya anga vya Gemini vilianza kutumia seli hizo mwaka 1965, kwa utando wa polistairini wa kampuni ya General Electric. Zilitoa umeme, lakini maji yake hayakufaa kunywewa, kwa sababu utando wenyewe ulikuwa ukimomonyoka.

Aliyekuja kuupa uhai mrefu ni Walther Grot wa DuPont, kwa polima iliyoitwa Nafion. Uti wake wa mgongo ni wa jamii ya Teflon, unaoyachukia maji. Kwenye uti huo huning'inia matawi mafupi, na ncha ya kila tawi ni asidi ya salfoniki, inayoyapenda maji. Vitu hivi viwili vimefungwa kwenye mnyororo mmoja, havipatani na haviwezi kutengana. Kwa hiyo hugawana nafasi: Teflon hujikusanya na kuwa mwili imara, asidi hujikusanya na kuwa njia za maji zenye upana wa nanomita chache, na protoni hupita humo ikirukia molekuli moja ya maji hadi nyingine. Umbo la njia hizo nalo lina ubishi wake. Mapema miaka ya 1980 watafiti wa DuPont wakiongozwa na Gierke walichora vishimo vya duara vilivyounganishwa na vichochoro. Mwaka 2008 Klaus Schmidt-Rohr na Qiang Chen wakasema hapana, ni mifereji mirefu iliyolala sambamba. Kinachojulikana bila shaka ni kwamba karatasi ikikauka, protoni husimama. Waundaji wa magari ya haidrojeni kama Toyota Mirai hutumia akili nyingi kuhakikisha karatasi hiyo haikauki wala haizami.

Ajabu ni kwamba kinachoilinda Nafion ni floorini, elementi ileile inayoyatia meno yetu madoa. Ikiwa huru ndani ya maji ya kisima, inaharibu. Ikiwa imefungwa kwenye kaboni, hakuna kinachoing'oa kwa urahisi, si asidi, si joto, hata klorini. Kwa sababu hiyo utando wa jamii ya Nafion hutumika pia viwandani kutengeneza klorini kutoka maji ya chumvi. Na klorini hiyohiyo, ikitiwa kwenye maji ya jiji au ikiuzwa dukani kwenye chupa ya JIK, ndiyo adui mkubwa wa utando wa Kawangware, kwa kuwa huvunja viungo vya poliamaidi.

Hapo ndipo ufundi unapoanza, na wenye maduka wengi hawauoni. Fundi mzuri hagusi utando. Anashughulika na kila kitu kilicho kabla yake. Kisima kikiharibika na duka likafungulia maji ya bomba, maji hayo yana klorini. Mkaa usipokuwa mzima, ngozi ya nanomita mia moja huliwa kimyakimya, na mteja hajui kwa sababu maji bado yanatoka, tena mengi kuliko jana. Fundi niliyemfuata huonja maji baada ya mkaa kabla hajaangalia geji yoyote, kisha hupima kwa dawa ya kubadilika rangi, kwani haamini ulimi wake peke yake. Akiingiza utando mpya hulainisha mipira ya kuzuia uvujaji kwa gliserini. Vaseline hataki kuiona karibu. Mafuta ya jamii ya petroli huivimbisha mipira hiyo na kuchafua uso. Huhakikisha mpira mkubwa umeelekea maji yanakotoka, maana ukigeuzwa maji huupita utando ubavuni.

Ana daftari lililochakaa. Presha ya kuingia, presha ya kutoka, lita kwa dakika, kipimo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, kabla na baada. Namba moja haina maana kwake, anatazama mwendo. Presha kati ya ncha mbili ikipanda, wavu umeziba. Chumvi ikipanda pole pole, ngozi inazeeka. Ikipanda ghafla, kuna mpira uliotoka mahali pake. Julai, baridi ya Nairobi ikilipoza tangi, maji yanayopenya hupungua bila ugonjwa wowote, karibu asilimia tatu kwa kila digrii. Fundi mchanga huongeza presha. Huyu huandika "baridi" pembeni na kufunga daftari.

Siku hiyo alipomaliza, aligundua valvu ya maji yanayotupwa imebanwa, akamgeukia mwenye duka.

"Mama, hii valvu nani alifunga?"

"Ni mimi. Si maji mengi yanamwagika bure, fundi?"

"Hayamwagiki bure. Hiyo ndiyo inaosha membreni. Ukifunga, chumvi inabaki ndani mpaka inakuwa mawe."

"Na kisima nalipia kila lita."

"Najua, mama. Hiyo weka kwa tangi ingine, tumia kwa choo na kudeki. Ya kunywa isiwe. Lakini usifunge."

Hesabu yake ni rahisi. Ukichukua nusu ya maji kama safi, yanayotupwa yana chumvi maradufu. Ukichukua robo tatu, yana chumvi mara nne, na silika iliyotoka kwenye miamba ya volkano, ambayo kisimani ilikuwa imeyeyuka bila kelele, hukosa nafasi ya kukaa na kuanza kuganda juu ya utando. Silika ikishaganda ni shida kuing'oa. Dawa za kuoshea zipo, na zina mpangilio wake: alkali kwanza kuondoa ute, asidi baadaye kuondoa chokaa na kutu. Ukianza na asidi, ute unaweza kushikamana zaidi. Lakini kuosha ni kukiri kwamba ulinzi ulishindwa.

Ufundi huu haupo madukani tu. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na hospitali nyingine za jiji zenye vitengo vya figo, hutegemea tando za aina mbili kwa pamoja. Damu ya mgonjwa hupita ndani ya maelfu ya nyuzi zenye uwazi katikati, mara nyingi za polisalfoni ileile tuliyoiona ikibeba ngozi Kawangware, na nje ya nyuzi hupita maji ya dawa, mililita 500 kwa dakika. Kwa kikao cha saa nne hizo ni lita 120. Maji hayo lazima yawe yamepita kwanza kwenye poliamaidi, na kabla ya poliamaidi kwenye mkaa, kwa kuwa klorini ikifika kwenye damu hupasua chembe nyekundu. Fundi wa kitengo cha figo hupima klorini kabla mgonjwa hajalazwa kitini. Mgonjwa humshukuru daktari na muuguzi, na wanastahili. Ningependa siku moja amshukuru pia mtu wa chumba cha maji.

Basi nawe ukienda kujaza mtungi, usiridhike ukionyeshwa kipima TDS kinachosoma namba ndogo. Namba hiyo inaonyesha utando unakataa chumvi leo. Haikuambii lolote kuhusu bakteria walio kwenye bomba la mwisho au ndani ya mtungi wako, kwa hiyo angalia kama taa ya kuua vijidudu inawaka, na uoshe mtungi wako mwenyewe. Waombe pia wakuonyeshe kipimo cha floraidi kilichofanywa maabara. Halafu uliza vichujio vilibadilishwa lini na mkaa una umri gani. Mwenye duka akiita fundi akujibu, na fundi akatoa daftari, jaza mtungi wako hapo.